Robo ya Kila Mimba

Ugonjwa wa kurithi ukigundulika katika ukoo, kinachotafutwa kwanza mara nyingi si dawa bali ni upande uliouleta. Nililiona jambo hili kwetu Muheza, pale mpwa wangu, binti wa dada yangu, alipopimwa damu kabla hajatimiza mwaka, baada ya vidole vyake vya mikono na miguu kuvimba na homa kumrudia mara kwa mara, na majibu yakaonyesha kuwa ana selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tumezoea kuuita sikoseli. Upande wa mume wakasema kwao hakuna mgonjwa wa namna hiyo tangu enzi za mababu. Upande wetu tukajibu vivyo hivyo, na pande zote mbili zilikuwa zikisema kweli, kwa maana hapakuwa na mtu aliyemkumbuka mgonjwa yeyote. Shangazi mmoja akamtaja bibi aliyefiwa na watoto wawili wachanga, mwingine akanong'ona habari za mkosi, na dada yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akikesha na mtoto, akajikuta amegeuzwa mshitakiwa. Mimi, kwa kuwa ni mjomba wa mtoto na nimesoma baiolojia kwa kiwango cha kuweza kuifundisha, niliombwa nieleze.

Makala haya ni maelezo yale, nikiwa nimeyapanua. Nimeamua kuyajenga juu ya selimundu kwa sababu sijui mfano mwingine unaoonyesha kwa uwazi zaidi jinsi binadamu anavyorithi sifa zake: jeni inayohusika ni moja, badiliko lenyewe ni dogo mno, matokeo yake yanaonekana kwa macho, na historia yake imefungamana na historia ya watu wa ukanda wetu kuliko inavyoelezwa madarasani.

Mwili umejengwa kwa seli, na karibu kila seli ina kiini ambamo mmehifadhiwa DNA, ile molekuli ndefu ambayo magazeti yetu huizungumzia kwa jina la vinasaba. Ndani ya kiini, DNA imegawanyika katika kromosomu 46 zinazokwenda kwa jozi, yaani jozi 23, na katika kila jozi kromosomu moja imetoka kwa mama na nyingine kwa baba. Juu ya kromosomu hizo zimepangika jeni zipatazo 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini za mwili. Maelekezo hayo yameandikwa kwa herufi nne tu za kikemia, A, T, G na C, ambazo hurudiwarudiwa kwa mipangilio mbalimbali hadi kufikia takribani herufi bilioni 3 katika seti moja ya kromosomu. Watu husema fulani ana jeni ya ugonjwa na mwingine hana, lakini usemi huo unapotosha kidogo. Jeni zenyewe karibu sote tunazo zilezile. Tunachotofautiana ni matoleo yake, na kwa kuwa kromosomu ziko mbili mbili, kila mmoja wetu ana nakala mbili za karibu kila jeni, ambazo zinaweza kuwa za toleo moja au za matoleo mawili tofauti.

Yai la mama na mbegu ya baba havibebi kromosomu zote 46. Katika kutengenezwa kwake kila jozi hutenganishwa, na yai au mbegu hupewa kromosomu moja tu kutoka katika kila jozi, hivyo kubaki na 23. Ipi kati ya mbili itaingia katika yai hili ni suala la bahati, na bahati ya jozi moja haitegemei bahati ya jozi nyingine, kiasi kwamba mtu mmoja anaweza kutoa michanganyiko zaidi ya milioni 8 hata kabla hatujahesabu ukweli kwamba kromosomu za jozi moja hubadilishana vipande kabla ya kuachana. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana sura, kimo na kundi la damu bila ya mtu yeyote kuwa amedanganya. Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno aliyechapisha mwaka 1866 matokeo ya majaribio yake ya njegere, aligundua kanuni hii bila kujua lolote kuhusu kromosomu, na ulimwengu wa sayansi haukumsikiliza hadi mwaka 1900, yeye akiwa amekwisha kufariki. Jambo kubwa aliloliona ni kwamba sifa za wazazi hazichanganyiki hadi zikapoteana. Sifa inaweza kujificha kwa kizazi kizima kisha ikajitokeza ikiwa kamili kama ilivyokuwa.

Jeni ya habari yetu iko katika kromosomu ya 11. Inatoa maelekezo ya kutengeneza beta globini, ambayo ni sehemu ya himoglobini, protini inayozipa chembe nyekundu za damu rangi yake na kuziwezesha kubeba oksijeni kutoka mapafuni. Beta globini ni mnyororo wa asidi amino 146, yaani vipande vidogo vinavyounganishwa kutengeneza protini. Katika toleo linaloitwa S, herufi moja ya DNA iliyotakiwa kuwa A imekuwa T, na kwa sababu hiyo asidi amino ya sita katika mnyororo, ambayo ilitakiwa kuwa asidi ya glutamiki, imekuwa valini. Tofauti yote kati ya mpwa wangu na mtoto wa jirani asiyeumwa inaanzia hapo.

Valini, tofauti na asidi ya glutamiki, haipatani na maji. Himoglobini ya S inapokwisha kuiachia oksijeni yake katika viungo vya mwili, molekuli zake hushikana mahali penye valini hiyo na kuunda nyuzi ndefu ngumu, nazo nyuzi hizo huivuta chembe ya damu hadi ikapoteza umbo lake la duara na kujipinda kama mundu. Chembe iliyojipinda haipiti kirahisi katika mishipa myembamba. Hukwama, huzuia nyingine, na sehemu ya mwili iliyo mbele yake hukosa damu. Hapo ndipo maumivu makali ya mifupa yanapoanza, ambayo ukiyaona kwa mtoto hutayasahau. Chembe nyekundu za kawaida huishi siku 120 hivi, ilhali hizi huvunjika baada ya siku 10 hadi 20, kwa hiyo mgonjwa huishi na upungufu wa damu wa kudumu na macho yake huwa na umanjano. Wengu, kiungo kinachosaidia kupambana na bakteria walioingia katika damu, huharibika mapema, na hiyo ndiyo sababu watoto wengi wa zamani walifariki kwa homa na nimonia kabla hata ugonjwa wao haujapewa jina. Wale watoto wawili wa bibi yetu, ambao shangazi aliwataja kama ushahidi wa mkosi, huenda walikufa hivyo, ingawa malaria na surua nazo ziliua watoto wengi siku zile na hakuna njia ya kujua leo.

Daktari James Herrick wa Chicago ndiye aliyeandika kwa mara ya kwanza, mwaka 1910, juu ya chembe hizi zenye umbo la ajabu, alizoziona katika damu ya mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka Grenada. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini yenyewe ya wagonjwa inatofautiana na ya wengine, na miaka michache baadaye Vernon Ingram, huko Cambridge, akabainisha kuwa tofauti hiyo ni ya asidi amino moja tu. Ulikuwa ugonjwa wa kwanza wa binadamu kueleweka hadi kwenye molekuli yenyewe. Inasikitisha kidogo kwamba ugonjwa ulioeleweka mapema namna hiyo ulichelewa sana kupata dawa, na sidhani kwamba ni bahati mbaya tupu kuwa wengi wa wanaougua ni watu weusi na maskini.

Mama mkwe wa dada yangu aliuliza swali zuri: kama mtoto alizaliwa nao, mbona miezi ya mwanzo alikuwa mzima na mnene? Jibu ni kwamba mtoto aliye tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, isiyokuwa na beta globini kabisa, na himoglobini hiyo hubaki katika damu yake kwa miezi kadhaa baada ya kuzaliwa. Jeni ya S ipo tangu siku ya kwanza, lakini bado haijaanza kazi. Himoglobini ya utotoni inapopungua, kwa kawaida kuanzia mwezi wa nne au wa sita, ndipo dalili zinapoanza, na kwa watoto wengi dalili ya kwanza ni ule uvimbe wa vidole.

Sasa tuje kwenye mgawanyo. Toleo la kawaida la jeni huitwa A. Mwenye nakala mbili za A huandikwa AA. Mwenye A moja na S moja huandikwa AS, na huyo ndiye tunayemwita mbebaji. Mwenye S mbili ni SS, naye ndiye mgonjwa. Mbebaji anayo himoglobini ya kutosha ya kawaida, kwa hiyo huishi kama watu wengine, hachoki haraka, haugui vipindi vya maumivu, na anaweza kufika uzee bila kujijua. Madaktari humtahadharisha juu ya mazoezi makali mno akiwa hana maji mwilini, na baadhi ya wabebaji huona damu kwenye mkojo, lakini hayo ni machache. Vilevile AS haigeuki kuwa SS hata kwa lishe duni, hata kwa uchawi. Ninalisisitiza hili kwa sababu nimewahi kusikia mtu akisema kwamba AS ni ugonjwa ambao bado haujakomaa.

Mzazi AS anapotengeneza mayai au mbegu, nusu yake hubeba A na nusu hubeba S. Wazazi wawili AS wakikutana, zipo njia nne ambazo nakala zao zinaweza kuungana, na zote zina nafasi sawa: A ya mama na A ya baba, A ya mama na S ya baba, S ya mama na A ya baba, au S kwa S. Kwa hiyo nafasi ya kupata mtoto AA ni robo, ya kupata AS ni nusu, na ya kupata SS ni robo. Mama AS akiwa na mume AA, hakuna mtoto atakayekuwa SS, ingawa kila mmoja ana nafasi ya nusu ya kuwa mbebaji. Mgonjwa SS akioana na mtu AA, watoto wote watakuwa wabebaji na hakuna atakayeugua. Akioana na AS, kila mimba ina nafasi ya nusu ya kuleta mtoto mgonjwa.

Robo hii ndiyo inayowapa watu shida kuliko mafunzo mengine yote ya urithi. Nimesikia, tena kutoka kwa watu waliosoma, kwamba wazazi AS wakizaa watoto wanne, mmoja atakuwa mgonjwa na watatu wazima, na kwamba aliyekwisha kupata mtoto mgonjwa ameimaliza zamu yake. Sivyo. Hesabu huanza upya katika kila mimba, kama vile shilingi unayoirusha haikumbuki ilivyoanguka mara iliyopita. Tukizihesabu nafasi hizo kwa familia yenye watoto wanne, tunakuta kwamba nafasi ya wote kutokuwa na ugonjwa ni asilimia 32 hivi, nafasi ya kuwa na mgonjwa mmoja tu ni asilimia 42, na nafasi ya kuwa na wagonjwa wawili au zaidi ni asilimia 26. Kwa hiyo karibu familia moja kati ya tatu za namna hii itawalea watoto wanne bila kumwona mgonjwa hata mmoja, na itaendelea kuapa kwamba kwao hakuna. Familia nyingine itakuwa na wagonjwa wawili mfululizo na itatafuta nani aliyewaroga. Wazazi wa familia zote mbili wana jeni zilezile.

Kutoka hapo unaweza kuona pia kwamba maneno ya pande zetu mbili hayakuwa na uzito wowote kama ushahidi. Kila mtu AS ameipokea S yake kutoka kwa mzazi mmoja, ambaye naye aliipokea kutoka kwa mzazi wake, na katika safari hiyo yote, iwapo kila mmoja alioa au kuolewa na mtu AA, hapatakuwa na mgonjwa yeyote hata kwa vizazi vitano. Mgonjwa hutokea siku mistari miwili ya namna hiyo inapokutana. Mtoto SS ni ushahidi kwamba mchango umetoka pande zote mbili kwa usawa kamili, na anayemlaumu mama peke yake analaumu nusu ya hesabu. Nimeona, na si mara moja, mwanamume akiondoka nyumbani baada ya majibu ya mtoto na kumwachia mama mzigo wa hospitali kwa hoja kwamba ugonjwa haukutoka kwake. Hoja hiyo kisayansi haina miguu.

Lakini kwa nini hasa Muheza, Kilifi, Mwanza, Kisumu na si kila mahali? Hapa ndipo habari hii inapokuwa ya kwetu. Anthony Allison, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, aliongozana mwaka 1949 na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya, na katika safari hiyo alikusanya damu kutoka jamii mbalimbali za nchi ile. Alikuta kwamba katika baadhi ya jamii za pwani na za kando ya Ziwa Victoria wabebaji walizidi asilimia 20, ilhali nyanda za juu na katika maeneo makavu walikuwa wachache sana. Ukiiweka ramani hiyo juu ya ramani ya malaria, zinaoana. Allison akafikiri kwamba jeni inayoua watoto haiwezi kuwa nyingi namna hiyo isipokuwa inawafaa wale walio na nakala moja tu, na mwaka 1954 alichapisha ushahidi wake kwamba wabebaji wanakingwa dhidi ya malaria. Utafiti uliofanywa miongo ya baadaye Kilifi umethibitisha kwamba mtoto AS ana kinga ya takribani asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Anaweza kuumwa na mbu na anaweza kupata homa, lakini ni nadra afikie hatua ya kupoteza fahamu au kuishiwa damu.

Kabla ya vyandarua na dawa, basi, watoto AA wengi waliondoka kwa malaria, watoto SS waliondoka kwa selimundu, na wale AS walibaki na kuzaa. Jeni ya S haikuweza kuenea ikawa ya kila mtu, kwa sababu wenye nakala mbili hawakuishi, wala haikuweza kutoweka, kwa sababu wenye nakala moja waliishi kuliko wengine. Miongoni mwa Wabwamba wa Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, watafiti Lehmann na Raper walikuta mwaka 1949 kwamba wabebaji walikaribia asilimia 45, kiwango kikubwa mno. Mahali ambapo wabebaji ni asilimia 20, ndoa 4 kati ya 100 zitakuwa za AS kwa AS ikiwa watu wanaoana bila kuchagua kwa damu, na kwa kuwa robo ya watoto wa ndoa hizo watakuwa SS, mtoto 1 kati ya kila 100 wanaozaliwa atakuwa na ugonjwa. Jeni hii ilisafiri na watu. Ilivuka Atlantiki na waliouzwa utumwani, na inapatikana pia Oman, ambako baadhi ya wagonjwa wana aina ya S yenye alama za Kibantu, za upande wetu wa bahari, na wengine wana aina ya Kiarabu na Kihindi. Bahari ya Hindi imeandikwa ndani ya damu za watu wa pande zake zote mbili.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaouita ugonjwa huu laana ya ukoo. Ikiwa nina babu au bibi wa kale aliyekuwa AS, na lazima ninaye, kwa kuwa mimi mwenyewe ni AS, yawezekana kabisa kwamba nipo hapa leo kwa sababu S yake ilimvusha katika malaria ya utotoni.

Lazima niongeze tahadhari, maana mtu akishaielewa selimundu hushawishika kudhani kwamba kila sifa hurithiwa kwa kanuni ileile. Baadhi ndivyo zilivyo. Ualbino, kwa mfano, hufuata mkondo huohuo: mtoto huzaliwa nao anapopokea nakala mbili zenye badiliko, moja kutoka kwa kila mzazi. Kwa Tanzania kiwango kinachotajwa mara nyingi ni mtu 1 kati ya 1,400 hivi, na ukikitumia kufanya hesabu utaona kwamba mtu 1 kati ya 19 hivi anabeba nakala moja bila dalili yoyote katika ngozi wala nywele zake. Ni watu wengi sana, wakiwemo bila shaka baadhi ya wale wanaowanyanyapaa watu wenye ualbino. Makundi ya damu ya ABO ni tofauti kidogo, kwa kuwa A na B zikikutana hakuna inayoifunika nyenzake na mtoto huwa AB, wakati O hufunikwa na zote mbili. Kwa hiyo baba wa kundi A na mama wa kundi B wanaweza kabisa kupata mtoto wa kundi O, ikiwa kila mmoja ana O aliyoificha. Herufi hizi za makundi ya damu zisichanganywe na A na S za himoglobini, kwani ni jeni nyingine kabisa. Jinsia ya mtoto nayo huamuliwa na mbegu ya baba, ambayo hubeba kromosomu X au Y, wakati yai la mama daima lina X, na mwanamume anayemwacha mkewe kwa sababu amezaa mabinti watupu anamwadhibu kwa jambo lililotoka kwake mwenyewe.

Kimo na rangi ya ngozi ni habari nyingine. Huamuliwa na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na kimo huongozwa pia na chakula na maradhi ya utotoni. Mtoto mweupe kuliko wazazi wake wote wawili si jambo la kushangaza, na wanaoitumia rangi kuwa kipimo cha ubaba wanapaswa kunyamaza.

Kuhusu vipimo, kuna jambo ambalo zahanati nyingi huliruka. Baadhi ya vipimo vya haraka vya tone la damu huonyesha kama S ipo, lakini haviwezi kutofautisha mbebaji na mgonjwa. Kinachotofautisha kwa uhakika ni kipimo cha maabara kinachotenganisha aina za himoglobini, kama vile elektroforesisi. Majibu yanaweza pia kupotosha ikiwa mtu ameongezewa damu siku za karibuni, kwa kuwa sehemu ya damu inayopimwa ni ya mtu mwingine. Na hutokea, ingawa si mara nyingi, kwamba mtoto ana dalili za selimundu, mama ana S, na baba hana S kabisa. Kabla ya kuvunja ndoa, iulizwe kama baba hana badiliko lingine katika jeni hiyohiyo ya beta globini, kama lile la thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, ambalo likiungana na S humfanya mtoto augue vilevile.

Inakadiriwa kwamba zaidi ya watoto 300,000 huzaliwa na selimundu duniani kila mwaka, wengi wao Afrika, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye wengi zaidi. Yapo mambo yanayowaokoa, tena mengine ni ya bei nafuu: kumpima mtoto mapema, penisilini ya kila siku katika miaka mitano ya mwanzo, chanjo dhidi ya bakteria wa nimonia, kinga ya malaria, na dawa iitwayo haidroksiyurea. Malaria nataka niizungumzie, kwa kuwa watu hudhani SS anakingwa kama AS. Hakingwi, akiugua malaria huwa katika hatari kubwa kutokana na upungufu wa damu alionao tayari. Haidroksiyurea nayo inafanya kazi kwa njia inayoturudisha kwenye swali la mama mkwe: huuchochea mwili kutengeneza tena ile himoglobini ya utotoni, ambayo haina beta globini na kwa hiyo haina S. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba inapunguza maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu na vifo miongoni mwa watoto wa Afrika. Mpwa wangu anaitumia. Tiba ya kuhariri jeni, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka 2023, inalenga jambo hilohilo, kuiwasha tena himoglobini ya utotoni, lakini bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na kwa bei hiyo si tiba ya Muheza.

Watu huniuliza kama vijana wapimwe kabla ya ndoa. Naona wapimwe, ila mapema, wakiwa shuleni au vyuoni, kila mmoja aijue hali yake kabla hajampenda mtu. Kuwapima wachumba wiki moja baada ya mahari kupokelewa ni kuwatesa, kwa sababu wakati huo majibu hayawapi taarifa ya kuamulia bali huwapa aibu ya kuvunja shughuli. Na wawili AS wakiijua robo yao na wakaamua kuoana, huo ni uamuzi wao. Kazi yetu ni kuhakikisha wanaijua vizuri.

Njia ya kuponya iliyo karibu nasi zaidi ni kupandikiza uboho, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, njia ambayo imeanza kutolewa kwa watoto wenye selimundu katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Inahitaji mtoaji ambaye jeni zake za kundi liitwalo HLA, zinazousaidia mwili kutambua kilicho chake na kilicho kigeni, na zilizoko katika kromosomu ya 6, zinafanana na za mgonjwa, na kwa kawaida hutafutwa kwanza miongoni mwa ndugu wa baba na mama mmoja. Kila mzazi ana seti mbili za jeni hizo na humpa mtoto moja, kwa hiyo nafasi ya ndugu wawili kuwa na seti zote mbili sawa ni robo. Dada yangu ana wavulana wawili wengine wasiougua. Tunachokijua kuhusu kila mmoja wao, kabla hajapimwa, ni kwamba ana nafasi ya theluthi mbili ya kuwa mbebaji, kwa sababu SS tumekwisha kuiondoa katika hesabu na kati ya njia tatu zilizobaki mbili ni za AS. Dada yangu alidhani kwamba ubebaji ungewazuia kumsaidia dada yao. Hauwazuii, kwa kuwa mtoaji AS anakubalika, na kwa kuwa kromosomu ya 6 hugawanywa bila kutegemea kromosomu ya 11, kuwa AS hakuongezi wala hakupunguzi nafasi ya kufanana. Kwa wavulana wawili, nafasi ya angalau mmoja kufanana na dada yake ni 7 kati ya 16. Tumepanga wapimwe.